Acheni Spitfire, Jengeni Otter

Wajukuu zangu wa Mbeya na Iringa, nawaomba muiache Spitfire. Najua mnaipenda. Kila kijana anayenijia na mchoro mkononi, awe wa Kihesa au wa Uyole, ameshaamua kwamba ataunda ndege ya vita ya zamani, ndogo, inayoruka kwa nguvu za mpira uliosokotwa, na ndege yenyewe ni hiyo ya Waingereza iliyopigana angani kwao mwaka 1940. Ni ndege nzuri kuitazama, sibishi. Lakini ndege ya mpira haina rubani ndani, wala wewe huna rimoti mkononi. Ukishaiachia, imekwenda na akili zake. Upepo ukiinua bawa moja, hakuna wa kulirudisha chini isipokuwa umbo la ndege lenyewe. Spitfire iliundwa imtii rubani upesi. Bawa lake liko chini ya bodi, mkia wake ni mdogo, na ncha za mabawa zilizochongoka, zikiwa katika udogo huu, huacha kubeba ghafla mwendo ukipungua. Fundi aliyekomaa ataiweza. Anayeanza ataivunja siku ya kwanza, ataiweka darini, na hatashika tena wembe na gundi. Nimewaona vijana wengi wenye mikono mizuri wakiishia hapo, na inaniuma.

Jengeni Otter. Ndege hii ilirushwa na Watanzania, na bado ina wazee wanaoikumbuka.

Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilianzishwa tarehe 1 Septemba 1964, miezi michache baada ya maasi ya askari yaliyotikisa nchi Januari ya mwaka ule. Kikosi cha anga kilitakiwa kianzie sifuri. Wajerumani wa Magharibi walikuja kusaidia, lakini mapema mwaka 1965 wakaondoka, kwa sababu ya mvutano wa kidiplomasia kuhusu Ujerumani Mashariki na Zanzibar. Mwalimu Nyerere hakukubali kuchaguliwa marafiki na mtu anayempa msaada. Nafasi yao ikashikwa na Wakanada, waliofundisha wanajeshi wetu hadi mwaka 1970, na wakati huo ndipo zilipokuja Otter na Caribou za kubebea watu na mizigo. Zilitoka kiwanda cha De Havilland Canada. Otter iliruka mara ya kwanza tarehe 12 Desemba 1951. Ina injini moja ya mviringo yenye nguvu za farasi 600, na bawa moja refu juu ya bodi, mita 17.7 kutoka ncha hadi ncha. Iliundwa kwa ajili ya viwanja vifupi vya udongo na mahali pasipo na kiwanja kabisa. Januari 1958 Otter moja ya jeshi la anga la Uingereza ilivuka bara la Antaktika bila kutua, na injini yake ni hiyohiyo moja.

Sasa itazame kwa jicho la fundi. Bawa liko juu, na uzito wa bodi uko chini yake; ndege ikiyumba, hujirudisha. Mkia ni mkubwa. Bodi ina kuta bapa, kwa hiyo utaunda pande mbili juu ya ubao, uzisimamishe, uziunganishe. Tena kuna jambo ambalo aliyewahi kuunda bawa la Spitfire atalishukuru hadi kesho: bawa la Otter lina upana uleule kutoka kwenye bodi hadi ncha, kwa hiyo mbavu zake zote zinafanana. Kata kigezo kimoja cha bati, na mbavu zote zitatoka hapo.

Ichore kwa kipimo cha moja kwa ishirini na nne. Bawa litakuwa na urefu wa karibu sentimita 74, bodi sentimita 53, na eneo la bawa sentimita za mraba 600 hivi. Kwa eneo hilo, ndege nzima bila mpira isizidi gramu 65. Andika namba hiyo ukutani mbele ya meza yako. Ukimaliza mkia, upime. Ukimaliza bawa, lipime. Mwenye duka la dawa au sonara hatakunyima mizani yake kwa dakika mbili ukimwamkia vizuri na kumweleza unachofanya.

Usiseme utaiunda kubwa zaidi ili iruke zaidi. Mwaka 1878 huko Marekani, baba mmoja alirudi nyumbani na mdude mdogo wa karatasi, mianzi na gamba la mti, unaopanda juu kwa mpira uliosokotwa, akawapa wanawe Wilbur na Orville. Watoto wale wa ukoo wa Wright wakaunda mingine, kila mara mikubwa zaidi, na kila ulipozidi ukubwa uliruka vibaya zaidi. Baadaye, wakiwa watu wazima waliokwisha kuruka kweli, walieleza kwamba utotoni hawakujua siri yake: ukiongeza vipimo vyote mara mbili, unahitaji nguvu mara nane. Hesabu hiyo haijabadilika.

Mdude ule ulitokana na kazi ya Mfaransa mmoja, Alphonse Pénaud, ambaye napenda mumjue kuliko marubani wote wa vita. Alitaka kuwa mwanamaji, ugonjwa wa nyonga ukamzuia. Agosti 1871, akiwa na umri wa miaka 21, alisimama mbele ya hadhara ya wataalamu katika bustani ya Tuileries mjini Paris, akaiachia ndege ndogo ya mpira, ikaruka kwa sekunde 11. Wengine walikuwa wakihangaikia injini za mvuke. Yeye alikuwa ameuliza ni kwa nini ndege isipinduke. Jibu lake lilikuwa mkia mdogo nyuma, ulioinamishwa nyuzi chache kuliko bawa, na mabawa yaliyoinuliwa kidogo kuelekea ncha. Alifariki mwaka 1880, miaka 30 tu. Kila ndege mtakayoiunda inaruka kwa jibu lile.

Tuje kwenye vifaa. Michoro mingi inaagiza balsa, mti mwepesi wa Amerika ya Kusini, ambao sijauona ukiuzwa Mwanjelwa wala Soko Kuu la Iringa. Ukiupata kwa ndugu aliye nje, sawa. Usipoupata, usikae bure. Nyanda hizi zina paina wa Sao Hill kwa maelfu ya hekta. Paina ni mzito, kadiri ya mara tatu hadi nne ya balsa, lakini ni mgumu vilevile. Mahali ambapo mchoro unataka kijiti cha balsa cha milimita tatu kwa tatu, weka cha paina cha milimita moja na nusu kwa moja na nusu. Eneo la kijiti limekuwa robo, kwa hiyo uzito unakaribiana. Tafuta kipande kisicho na fundo, chenye nyuzi zilizonyooka, kwenye mabaki ya seremala. Kipasue kwa kisu kwanza, ufuate nyuzi zake, ndipo ulainishe kwa msasa. Kijiti kilichokatwa kwa msumeno bila kufuata nyuzi kitavunjika pale usipotaka.

Mianzi ni hazina ambayo wenzenu wa nchi nyingine huinunua kwa vipimo vya sentimita. Ncha za mabawa, miguu ya magurudumu, na kile kijiti cha nyuma kinachoshikilia mpira, vyote viwe vya mwanzi. Tumia tabaka la nje, lile gumu linalong'aa, na ulikunje taratibu juu ya moto mdogo wa mshumaa mpaka likubali. Lakini nenda kwa mwenye shamba umwombe mwanzi uliokomaa na kukauka. Usiguse chipukizi. Mnajua wenyewe, kuanzia Kilolo hadi Njombe, chipukizi ndilo linalogemwa ulanzi, na ada ya shule ya mtoto wa mtu inaweza kuwa imo ndani ya shamba hilo.

Mbavu zikate kwenye ile foamu nyeupe ngumu inayofungiwa televisheni, kwa wembe mpya, vipande vyembamba. Gundi iwe ile nyeupe ya mbao iliyoongezwa maji kidogo, tone dogo kwa kila kiungo. Vijana wengi huzidisha gundi wakidhani wanazidisha nguvu, kumbe wanazidisha uzito, na mara nyingi unakaa mkiani ambako ni sumu. Juu ya mifupa hiyo funika karatasi nyepesi kabisa unayoipata, ile laini ya kufungia zawadi. Ipulizie unyevu kidogo, ikikauka itajikaza. Wakati inakauka bana bawa kwenye ubao ulionyooka, maana litakalopinda siku hiyo litabaki limepinda. Wa Tukuyu, kwenu ukungu hautoki. Hifadhini ndege ndani ya boksi la katoni, karatasi isilegee na kukaza kila siku.

Propela ichongwe kutoka pembeni mwa kikopo cha plastiki cha mtindi. Chora jani la propela juu ya kikopo, likiwa limelala nyuzi kama kumi na tano kutoka wima, ukate; mkunjo wa kikopo wenyewe utakupa msokoto unaotakiwa. Fanya majani mawili yanayolingana kwa uzito. Propela ya Otter halisi kwa kipimo chetu ingekuwa sentimita 14 hivi, lakini mpira hauzunguki kwa kasi ya injini, unahitaji jani kubwa linalokwenda polepole. Weka sentimita 24. Wakati wa kuionyesha darasani unaweza kuvisha ile ndogo. Kati ya propela na pua weka shanga moja, au mbili, zenye tundu laini, zipunguze msuguano. Mama au bibi hatakosa.

Mpira sasa. Hapa ndipo nawaomba msikilize polepole, maana hapa ndipo injini ilipo.

Mpira wa tyubu ya baiskeli unafaa kwa manati, kwa ndege haufai. Tyubu nyingi za siku hizi zina mpira wa kiwandani ambao ukiuvuta unarudi kwa uvivu, nusu ya nguvu uliyouwekea inapotea kuwa joto. Unahitaji mpira wa asili, wa utomvu wa mti, rangi ya kahawia hafifu, uliokatwa utepe wa upana wa milimita tatu. Huo utauagiza. Wakati unasubiri, jaribu ndege yako kwa rababendi safi za duka la vifaa vya ofisi, ukiziunganisha kwa kuzipitisha moja ndani ya nyingine. Nguvu itakuwa ndogo, nawe bado una mambo ya kujifunza kwa nguvu ndogo.

Mpira mpya uoshe kwa sabuni, ukaushe kivulini, kisha uupake mafuta ya nyonyo kidogo, uteleze wenyewe kwa wenyewe unaposokotwa. Injini za kuzunguka za ndege za Vita Kuu ya Kwanza zililainishwa kwa mafuta hayohayo. Usipake mafuta ya injini, wala dizeli, wala yale mafuta ya mgando ya kujipaka. Yote yametoka kwenye mafuta ghafi ya ardhini na yatakula mpira. Jua pia huuozesha. Uweke ndani ya chupa isiyopitisha mwanga.

Kusokota ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika ndege na ile ncha ya nyuma, mwingine anaunasa mpira wa mbele kwa kulabu iliyofungwa kwenye drili ya mkono, anauvuta mpaka ufike mara nne au tano ya urefu wake wa kawaida, ndipo anaanza kuzungusha. Afikapo nusu ya mizunguko aanze kusogea mbele hatua kwa hatua, huku akizungusha, hadi amalizie puani. Mpira uliosokotwa bila kuvutwa hushika mizunguko michache na hujifunga mafundo. Ndani ya bodi pitisha mrija wa karatasi ngumu wakati wa kusokota, kwa sababu mpira ukikatika ukiwa umejaa, unaweza kupasua kuta zote mbili. Shika ndege kwa heshima na weka uso pembeni.

Kabla ya kusokota mpira, tafuta mahali ndege inapokaa sawa. Bawa la Otter yetu lina kina cha sentimita nane na robo. Inue ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa, sentimita 2.7 hivi kutoka ukingo wa mbele, mpira ukiwa ndani. Ikiangukia mkia, ongeza udongo wa mfinyanzi puani hadi ikae sawa. Mabawa yenyewe yainue, kila ncha iwe juu kwa sentimita tatu, zaidi ya ilivyo kwenye ndege halisi. Majaji wa mashindano watakusamehe, maana ni Pénaud aliyesema. Kisha nenda penye majani marefu, isukume mkononi kwa upole kuelekea ardhini mbali, pua ikiangalia chini kidogo. Ikipanda, ikasita, ikaanguka pua, mkia umezidi kuinamishwa au uzito uko nyuma. Ikizama moja kwa moja, kinyume chake. Badilisha jambo moja tu, andika kwenye daftari, irushe tena. Ukibadilisha mawili, hata ikiruka vizuri hutajua ni lipi lililoiponya.

Ikishateleza vizuri, sokota mizunguko mia moja, si zaidi. Propela inapozungukia kulia, bodi nayo husukumwa kuinamia kushoto. Ndiyo maana mhimili wa propela huelekezwa kulia nyuzi mbili au tatu, na chini kiasi hichohicho, kwa vipande vya kadi vilivyochomekwa nyuma ya pua. Ongeza mizunguko hamsini hamsini. Unataka duara pana la kulia, ikipanda taratibu, mpira ukiisha ishuke kwa duara lilelile.

Nyinyi mnarusha juu kuliko vijana wa Dar es Salaam, na hili lina maana yake. Mbeya iko mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa karibu 1,600. Hewa ya Mbeya ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani. Ndege yenye uzito uleule italazimika kwenda kasi zaidi, karibu asilimia tisa, ndipo ibebwe, na propela itakuwa na hewa kidogo ya kukamata. Kwa hiyo zile gramu mnazozidharau zinawagharimu zaidi ya mwenzenu wa Ilala. Wala msikimbilie Kitulo kwa sababu ni wazi na pazuri. Kule ni juu zaidi na upepo hauna huruma. Nendeni kiwanja cha shule, jua likichomoza tu, mwezi Juni au Julai, kabla upepo haujaamka. Iringa hasa, ikifika saa tatu asubuhi kama kuna vumbi linalotembea, rudini nyumbani. Na msirushe chochote karibu na viwanja vya ndege vya Nduli wala Songwe, hata kama ndege yenu ina uzito wa yai.

Mbeya ina haki ya kujivunia anga. Kuanzia mwaka 1932 ndege za Imperial Airways zilizotoka Uingereza kwenda Cape Town zilikuwa zikitua hapa, baada ya Dodoma, kabla ya kuingia Rhodesia ya Kaskazini. Zilikuwa za abiria na barua. Lakini zilizotangulia katika nchi hii hazikuleta barua. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, ndege za Waingereza zilizoruka kutoka Mafia ziliongoza mizinga iliyoimaliza meli ya vita ya Wajerumani, Königsberg, kwenye delta ya Rufiji. Mwaka uliofuata kikosi namba 26 cha Waafrika Kusini kilikuja na ndege aina ya BE2c, kikafuata majeshi kutoka upande wa Kilimanjaro kuelekea kusini, huku Jenerali wao van Deventer akiingia Iringa tarehe 29 Agosti 1916.

BE2c ndiyo ndege yenu ya pili, Otter ikishawakubali. Ina mabawa mawili, moja juu ya jingine, upana wa mita 11.3, kwa kipimo cha moja kwa kumi na sita mtapata sentimita 70 na nusu. Waingereza waliiunda itulie angani yenyewe ili aliyemo apate kuchora ramani na kupiga picha. Kule Ufaransa utulivu huo uliwaua marubani wengi, maana ndege isiyopenda kugeuka haimkwepi adui. Kwetu hakukuwa na ndege ya adui ya kuikimbia. Na kwa ndege ya mpira, utulivu ule uliolaaniwa vitani ndio kila kitu tunachotafuta.

Ila nawataka muiunde mkijua ilikuwa juu ya nani. Chini yake walipita wapagazi, watu wetu, waliobeba risasi na unga wa pande zote mbili, wakafa kwa njaa na kuhara kwa maelfu mengi. Iringa yapo makaburi ya vita yanayotunzwa vizuri, yenye majina ya wanajeshi wa Dola ya Uingereza. Wapagazi wengi wa vita ile hawana kaburi lenye jina popote, na mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi hayo ilikiri hivyo katika ripoti yake. Nendeni mkayaone makaburi hayo ya Iringa kabla ya kukata kijiti cha kwanza. Muulizeni babu wa Ilembule au Lupembe kama kuna mtu wa ukoo wake aliyechukuliwa. Mkimaliza ndege, mkiionyesha shuleni, mwelezeni mtazamaji na hilo, kwa sauti ileile mnayomwelezea upana wa bawa.

Kuhusu Otter, kazi ya haraka ni nyingine. Walioirusha na kuifanyia matengenezo miaka ya sitini sasa ni wazee kuliko mimi, na baadhi yao wamestaafu huku kwetu kwenye baridi. Wana picha kwenye maalbamu. Namba za ubavuni, rangi ya mkia, mahali palipoandikwa nini: msikisie, wala msinakili ndege ya nchi nyingine mkaipaka bendera yetu. Tafuteni mzee mmoja, mwende na mchoro, daftari na simu ya kupigia picha, mwamkieni, mkae chini. Mwambieni mnaunda ndege yake.